Chumba cha Viraka

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, utadhani wamepatana. Nimeingia darasani nimelowa hadi soksi, na mhadhiri wetu wa somo la gharama hakutupa hata nafasi ya kujikausha. Anataka kila mmoja atafute biashara halisi, achambue mahesabu yake, amwandikie mwenye biashara ripoti ya ushauri, kisha mwezi ujao aitetee mbele ya jopo. Biashara za kubuni hataki kuziona. Namba za kubuni hazimuumizi mtu, kasema, ndiyo maana hazimfundishi mtu.

Jirani yangu wa kiti, ambaye sote tunamwita Benki kwa sababu hamalizi sentensi tatu bila kututajia benki anakofanya kazi, tayari ana kampuni ya usafirishaji yenye malori yasiyo na idadi. Mimi sina kampuni. Nina mama mdogo.

Naanza shajara hii kwa sababu shahada ya uzamili imenifanya niwe naongea peke yangu jikoni, na Mama mdogo ameanza kuniangalia kwa wasiwasi.

Alhamisi, 7 Machi

Kumbe nilikuwa nahangaika bure. Nimemweleza Mama mdogo tatizo langu wakati wa kula, na kabla sahani hazijaoshwa akawa amelimaliza. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo tangu mimi naota meno. Hoteli, nyumba za wageni na zahanati huleta pale mashuka, taulo na sare. Nguo ikionekana imechanika, inapelekwa chumba cha viraka, na huko msimamizi ni yeye, akisaidiwa na wenzake wawili, Miwani na Bibi Harusi. (Bibi Harusi ana wajukuu sasa, lakini jina lilishaganda.) Mteja huongeza kidogo juu ya bei ya kufua, shuka linarudi zima.

Mama mdogo kasema atamwambia tajiri yake kwamba mwanawe anasomea fedha na anaweza kumpigia mahesabu bila malipo. "Cha bure anakipenda yule," kasema. "Hata ugonjwa ukiwa wa bure atauliza kama upo wa kutosha."

Jumatatu, 11 Machi

Tajiri kakubali. Kila mtu pale anamwita hivyo, Tajiri, naye anaitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Ni mtu mpole, mwenye haraka, anayekula chakula chake cha mchana amesimama. Kanipa funguo za kabati la hati, akaniambia nisimfiche kitu.

Mama mdogo kanizungusha kiwanda kizima. Kwenye mashine za kufulia, kwenye zile za kukaushia, kwenye meza za pasi, kote ni maneno yale yale: huyu ndiye mwanangu, anasoma shahada ya pili. Mpiga pasi mmoja kauliza ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani. Nimecheka, ila niliona jinsi Mama mdogo alivyokuwa ananyoosha shingo. Mama yangu alipofariki nilikuwa sijaanza shule, na huyu ndiye aliyenichukua. Hajawahi kusema "mtoto wa dada yangu". Anasema "mwanangu", basi.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimepima vyumba. Kodi ya jengo, mlinzi, taa na usafi ni gharama za wote, kwa hiyo lazima nizigawe, na njia niliyoichagua ni ukubwa wa chumba. Kikubwa kibebe zaidi, kidogo kibebe kidogo. Ni njia safi, iko kwenye kitabu, na inapendeza kwenye jedwali.

Chumba kikubwa kuliko vyote ni cha viraka. Shuka la kitanda kipana lazima litandazwe lote ndipo tundu lionekane. Mama mdogo kanishikia ncha ya futi ya kupimia, akawa anasogeza vikapu kwa mguu ili nisikosee. Miwani kamtania kuwa siku hizi anafanya kazi chini ya mwanawe.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki nje, mashine za kukaushia hazipumziki.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemaliza jedwali. Kufua kuna faida. Kupiga pasi kuna faida. Chumba cha viraka kina hasara.

Nimelipiga tena, hasara ile ile. Nikatoka, nikatengeneza chai, nikarudi, bado ipo. Ripoti ya ushauri isiyoshauri kitu haipati alama, na hapo ushauri ni mmoja tu. Nimeuandika kwa maneno marefu: "kusitisha kwa awamu huduma ya ukarabati wa nguo". Maneno hayo hayana cherehani wala mtu ndani yake.

Nimejiambia kuwa hii ni kazi ya shule. Tajiri ataipokea, ataishukuru, ataitia kwenye droo. Roho inanisuta kidogo, lakini kidogo tu. Sikupika hasara, nimeikuta.

Jumatano, 27 Machi

Nimekabidhi ripoti chuoni. Nakala moja nimempelekea Tajiri kama nilivyoahidi. Kaanza kuisoma amesimama, na mkate mkononi, kisha akakaa. Sijawahi kumwona amekaa. Kaniita mtaalamu.

Mama mdogo kaniuliza niliandika nini. Nikasema ni mambo ya asilimia, yatamchosha. Kasema kweli, asilimia zinamletea usingizi, na akaenda kulala.

Alhamisi, 4 Aprili

Alama za juu kuliko zote darasani! Mhadhiri kasema ripoti yangu haioni haya, inasema inachokiona. Nitakuwa wa kwanza kuitetea mbele ya jopo. Benki kanipa mkono, akaniambia kwao benki watu wa namna yangu wanatafutwa kwa tochi. Nyumbani Mama mdogo katangazia mtaa mzima hadi muuza mkaa.

Jumatatu, 8 Aprili

Sijui nianze wapi.

Mama mdogo karudi mapema, na yeye harudi mapema. Kavua viatu vilivyolowa, akavipanga vizuri ukutani, akakaa. Nikajua kuna jambo. Tajiri kawaita wote watatu asubuhi, akawaambia kwamba mwisho wa mwezi chumba cha viraka kinafungwa. Kasema anasikitika, ila mtaalamu wa fedha ameangalia akaona chumba kinakula faida ya wenzake. Nguo zilizochanika zitarudishwa kwa mteja zilivyo.

Nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi. Kilichonitoka ni swali: mtaalamu gani?

"Si yule mhasibu wa nje, mwenye tai ya kijani," kasema. "Alikuja wiki iliyopita, akazunguka huku anaziba pua. Wewe ungezipitia hizo hesabu zake, ungemuumbua. Hesabu gani isiyojua kazi ya watu?" Kisha akajipangusa miguu. "Na lazima kuna mtu wa ndani kamlisha maneno. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Nimeliandika ili nisije baadaye kujidanganya kwamba sikupata nafasi. Nafasi ilikuwa imekaa mbele yangu, imevua viatu. Badala yake nikamletea chai, na yeye akaniambia Mungu anibariki.

Baada ya kula Tajiri kanipigia simu. Kasema hakulitaja jina langu mbele ya akina mama, amenihifadhi, nisiwe na wasiwasi. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru.

Jumanne, 9 Aprili

Mama mdogo kaenda kazini kama kawaida.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo somo lilikuwa la gharama zinazoepukika na zisizoepukika. Mhadhiri kasimama mbele akauliza swali ambalo mtoto wa darasa la pili angelijibu: ukifunga mlango wa chumba kimoja ukaacha kukitumia, mwenye jengo anakupunguzia kodi?

Darasa likacheka.

Hampunguzii. Kodi ni ile ile, mlinzi ni yule yule. Ule mzigo nilioutwika mgongoni mwa chumba cha viraka kwa sababu ya ukubwa wake hautaondoka na akina mama. Utahamia vyumba vingine, basi. Nimefungua kompyuta hapo hapo darasani, nikaondoa gharama ambazo zitabaki hata mlango ukifungwa, nikaacha mishahara, nyuzi na umeme wa cherehani. Chumba cha viraka kina faida. Si kubwa, lakini ni faida, na hapo sijagusa hoteli zinazoleta nguo pale kwa sababu tu zinarudi zimeshonwa.

Sikuikuta hasara. Niliipika mwenyewe, nikaipakua, nikaisifia ladha.

Benki kaniuliza kama naumwa. Nikasema ni baridi.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimefikiri hivi. Utetezi ni Ijumaa ijayo. Nikimwambia Tajiri leo, itabidi nimwambie na mhadhiri, na nikimwambia mhadhiri sina cha kutetea. Chumba kinafungwa mwisho wa mwezi. Kati ya Ijumaa na mwisho wa mwezi kuna nafasi tele. Kwa hiyo nitetee kwanza, kisha niende kwa Tajiri nikamweleze, chumba kibaki, alama zibaki, kila mtu apate chake.

Nimeyasoma niliyoandika. Yamepangwa vizuri, kama jedwali lile. Tumbo linaniuma, na wahenga walishasema kuhusu ngoja ngoja na matumbo.

Jumatatu, 15 Aprili

Mama mdogo kanikuta nafanyia mazoezi wasilisho. Kakaa ukingoni mwa kitanda changu, kitu ambacho hafanyi, akaanza kukunja shuka langu ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. Kasema kesho anakwenda kuongea na Tajiri. Miwani ana mume mgonjwa, na yeye mwenyewe macho bado yanaona uzi, hawezi kukaa nyumbani kuhesabu mende. Ila akiingia ofisini kwa Tajiri maneno yanamkimbia.

"Twende wote, mama," kaniambia. Ananiita hivyo akiwa na shida. "Wewe unaijua lugha yao. Mimi nitaomba, wewe utaeleza."

Nimemjibu kuwa nina utetezi Ijumaa, siwezi kukosa hata siku moja ya matayarisho.

"Kweli," kasema. "Masomo kwanza. Nisamehe, nilijisahau."

Yeye ndiye kaniomba msamaha mimi. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hajui anampiga nani.

Jumanne, 16 Aprili

Kaenda peke yake. Tajiri kamwambia namba hazisemi uongo. Mvua imenyesha kutwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Mama mdogo kanipigia pasi blauzi. Yeye ambaye kutwa yuko kwenye nguo za watu kaamka kabla yangu, akanyoosha kola mpaka ikawa kali, akanishika mabega akaniangalia. Hakusema kitu kuhusu chumba. Kasema nisiongee haraka, nina tabia ya kukimbiza maneno.

Jopo lilikuwa watu watatu. Niliongea polepole. Slaidi zilipita vizuri, hadi ile ya chumba cha viraka, na hapo mhadhiri akainua kalamu.

"Hiki chumba kikifungwa," kauliza, "kodi inapungua kwa kiasi hicho ulichoandika?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema, hapana mwalimu, hapo nimekosea, na nimelijua kosa langu tangu wiki iliyopita. Ningepoteza alama, na labda wangeniheshimu, na labda wasingeniheshimu. Niliwatazama, nikamwona Benki kwenye kiti cha nyuma amenyoosha kidole gumba.

"Ndiyo," nikasema. "Nimeongea na mwenye jengo. Yuko tayari kukichukua chumba na kupunguza kodi."

Sijawahi kumwona huyo mwenye jengo. Sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke. Mhadhiri akaniangalia kidogo zaidi ya kawaida, akaandika, akasema vizuri. Nimefaulu kwa sifa.

Mama mdogo kapika kuku. Nilikula paja zima, lile analonipa nikifaulu, kwa sababu kulikataa kungehitaji maelezo.

Jumamosi, 20 Aprili

Asubuhi na mapema nimepiga moyo konde, nikaenda kiwandani. Nilikuwa nimechapa mahesabu mapya kwenye karatasi moja tu, maana Tajiri hapendi kurasa nyingi. Nikamwamkia, akanipongeza, akanipa kiti. Nikamweleza kila kitu bila kukimbiza maneno. Hakukasirika. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Kwa hiyo kile chumba kilikuwa kinanilipa," kasema.

Nikasema ndiyo, na bado hajachelewa, mwisho wa mwezi haujafika.

Kasema Jumatano amekipangisha. Muuza samani kakitaka kuwa ghala, kalipa, na mwezi ukiisha analeta makochi. Akanigeuzia karatasi yangu, akanionyesha kwa kidole, kwa upole wa kuchoma, kwamba sasa kodi imepungua kweli. Chumba kikiwa na mpangaji anayelipa kuliko ile faida ndogo, viraka ndivyo vinavyomtia hasara. Niliangalia pale alipoweka kidole. Alikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa limekaa muda wa kutosha mpaka likawa kweli.

"Ungekuja wiki iliyopita ningekusikiliza," kasema. "Sikuwa na mpangaji. Hata mama yako alipokuja Jumanne nilisitasita, ila sikuwa na namba ya kuniambia nisitasite zaidi. Sasa nimeshakula pesa ya mtu."

Kisha kaniuliza kama, nikimaliza masomo, ningependa kuja kumsaidia mara mbili kwa wiki. Nikatoka bila kuaga vizuri. Mlango wa chumba cha viraka ulikuwa wazi, na Bibi Harusi alikuwa anaimba.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwambia.

Mvua ilikuwa inanyesha na nguo zetu zilikuwa zimeanikwa sebuleni, kwenye kamba inayopita juu ya viti. Mama mdogo alikuwa anashusha zilizokauka. Nikamwambia mtaalamu si yule wa tai ya kijani, mtaalamu ni mimi. Alidhani natania, akatabasamu, akaendelea kushusha. Nikarudia. Nikamweleza ukubwa wa vyumba, kodi isiyopungua, hesabu nilivyoirekebisha, muuza samani. Niliongea muda mrefu, na sehemu kubwa ya maneno yangu, nikikumbuka sasa, ilikuwa kumweleza kosa hilo ni la kawaida, hata vitabuni lipo.

Aliposhusha nguo ya mwisho ndipo akauliza, na aliuliza swali moja tu.

"Ulijua lini kama umekosea?"

Ningeweza kusema jana. Hakuna mtu duniani angeweza kunikanusha.

"Alhamisi ya wiki ile nyingine," nikasema.

Nilimwona anahesabu. Si mtu wa asilimia, lakini siku anazijua. "Basi ile Jumatatu," kasema, "nilipokuja chumbani kwako kukuomba unisindikize, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha niende."

"Ndiyo, Mama mdogo."

Nilikuwa najiandaa kwa kelele. Huyu mwanamke amenikemea maisha yangu yote: kwa sahani chafu, kwa kuchelewa, kwa wachumba wawili ambao kweli hawakufaa. Nilizitaka zile kelele. Ningezipokea zote nikiwa nimepiga magoti. Lakini alikusanya nguo, akazikunja moja moja, zake upande mmoja, zangu upande mwingine. Kisha akanikabidhi zangu kwa mikono miwili.

"Asante kwa kuniambia," kasema.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekwenda kwa mhadhiri nikamweleza yote, pamoja na mwenye jengo nisiyemjua. Kasema alihisi, ila alitaka kuniamini. Ripoti imefutwa, somo nitalirudia, na barua itawekwa kwenye faili langu. Nilishuka ngazi mwepesi kuliko nilivyozipanda. Angalau mmoja kanipa adhabu yangu.

Jumanne, 30 Aprili

Siku ya mwisho ya chumba cha viraka. Nilijitolea kwenda kumbebea vitu. Kasema Miwani atamsaidia, nisijisumbue.

Jumatatu, 6 Mei

Benki haketi karibu nami tena. Mvua zinapungua.

Jumapili, 12 Mei

Mama mdogo kaweka cherehani sebuleni. Nyumba mbili za wageni zimemfuata huku huku nyumbani, na Bibi Harusi huja siku za katikati ya wiki. Nilimwambia naweza kumsaidia kupanga bei, na gharama, na wateja. Kasema anashukuru, nisijali, mimi nina masomo yangu. Sauti haina ubaya. Nimeichunguza kama mtu anayetafuta mwiba, sijaukuta.

Hanikemei tena. Juzi niliacha sahani zangu makusudi, chafu, kwenye karai, hadi asubuhi. Nilizikuta zimeoshwa na kupangwa. Jana nilirudi nimechelewa sana. Kaniuliza kama njia ilikuwa salama.

Leo nimesukuma mlango, nimemkuta kwenye cherehani. Nikamwamkia. Akainua uso, akasema, "Marahaba. Karibu."

Nimeishi katika nyumba hii tangu sijajua kufunga vifungo, na sijawahi kukaribishwa ndani yake. Mtoto wa nyumbani anaingia tu, anaulizwa alikuwa wapi. Nikasimama pale mlangoni na mkoba wangu. Mama mdogo akaacha kushona, akanivutia kiti, akaniuliza habari za masomo, akasikiliza jibu mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye kabati la vioo, akashusha kikombe cha wageni, kile chenye sahani yake, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akanimiminia chai.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante.